Mchwa wa Kabati la Mwalimu

Mke wangu ni seremala na mimi ni mpaka vanishi wake. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi, tuendelee. Yeye anapima, anakata, anapiga randa, anaunga. Mimi napiga msasa, napaka, nasubiri ikauke. Wanaume wa mtaani waliwahi kuniuliza kama sioni aibu. Niliwaambia aibu ingekuwa kunishikisha mimi nyundo, maana kidole gumba changu bado kinakumbuka jaribio la mwisho.

Mtaa mzima unamwita Msumari. Wengine husema ni kwa sababu ya kazi. Waongo. Ni kwa sababu ya mdomo. Analotaka kusema hulisema pale pale, na likishaingia halitoki bila koleo. Mteja akija na picha ya kitanda alichokiona kwenye simu, Msumari huitazama kisha humuuliza, "Hiki ni cha kulala au cha kupigia picha?" Tumepoteza wateja kwa mdomo huo. Tumepata wengine pia, maana wapo watu wanaopenda kusemwa na fundi hodari kuliko kubembelezwa na fundi mbovu.

Ana sheria moja: hatengenezi fanicha nyumbani kwa mtu. "Mgonjwa hupelekwa hospitali," husema. Huko kwa watu anakaza bawaba au kubadili kitasa tu. Kitu kikubwa kikiharibika tunakifuata na mkokoteni wetu, tunakileta karakanani, kinatibiwa, kinarudi. Watu walishazoea kutuona tukisukuma vitanda na makabati barabarani mchana kweupe, na hakuna anayeuliza vinakwenda wapi.

Sasa, kulikuwa na bwana mmoja, karani wa ofisi fulani, ambaye mtaa ulimwita Bwana Pole. Suti yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Hakupita mahali bila kutoa pole. Pole na kazi, pole na jua, pole na mvua, pole na foleni ya maji. Ukipiga chafya ng'ambo ya barabara anavuka kuja kukupa pole. Nasi tunamjibu, "Nishapoa, bwana," kama ilivyo ada, na moyoni tunasema huyu ndiye mtu. Mama yangu mzazi alifika hatua ya kunitolea mfano wake mbele ya mke wangu. Mke wangu akasema, "Mtu asiyenuna hata siku moja ama ni malaika, ama ananunia kwake." Mama akaniuliza kwa macho nilimtoa wapi huyu.

Mke wa Bwana Pole tulimwita Mwalimu. Alikuwa akifundisha chekechea kabla mumewe hajamwambia apumzike. Apumzike na nini, hakuna aliyeuliza. Zamani ungemsikia toka mbali akiwaimbisha watoto herufi kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Siku hizi alipita kando ya ukuta, kikapu mkono huu, binti yake mdogo mkono ule, akisalimia kwa kope.

Bwana Pole alituletea mlango wa chumbani. Umevimba kwa unyevu, alisema. Tukautengeneza. Ukarudi, safari hii mtoto anaubamiza. Tukautengeneza. Uliporudi tena nilishindwa kujizuia. "Bwana, mlango huu ungekuwa mfanyakazi ungeshadai likizo." Akacheka vizuri sana, akatupa pole na kazi, akaondoka.

Msumari hakucheka. Alikuwa ameulaza mlango mezani akiupapasa kama daktari anayetafuta panapouma. Komeo la upande wa ndani lilikuwa limeng'oka na vipande vya mbao. Upande wa nje, chini ya kitasa, ubao ulikuwa umepasuka, na juu ya ufa kulikuwa na doa jeusi.

"Nusa," akaniambia.

"Ninuse mlango?"

"Nusa."

Nikanusa. Dawa ya viatu.

"Yule mtoto bado ananyonya kidole," akasema. "Anavaa viatu vya ngozi saizi gani?"

Nikasema lile wanalosema wote wasio na jibu, kwamba mambo ya mke na mume hayaingiliwi.

"Sikuwaingilia mimi. Wameletwa hapa juu ya meza yangu, na leo si mara ya kwanza. Mtu anajifungia ndani, mwenzake anavunja. Anajifungia tena, anavunja tena. Huo ni unyevu gani?"

Na hapo Msumari akafanya kosa ambalo ni seremala tu anaweza kulifanya: aliamini kwamba tatizo ni mlango. Akautupa ule mbovu pembeni, akaunda mpya kwa mbao ngumu tulizokuwa tumezitunza kwa ajili ya kitanda chetu wenyewe. Akauwekea bawaba nene na komeo la chuma la ndani. Alipoumaliza akaupiga ngumi, mlango ukamnyamazia. "Sasa apige teke," akasema. "Atavunjika yeye." Nikaupaka vanishi mpaka ukanionyesha sura yangu, tukaenda kuutundika. Bwana Pole aliusifu sana. Tulirudi na mkokoteni mtupu tukijiona majemedari.

Zilipita kama wiki mbili, Msumari akaenda kuangalia bawaba, maana mlango mzito huvuta fremu. Mwenye nyumba alikuwa kazini. Msumari aliporudi karakanani alikaa juu ya rundo la mbao, mfuko wa vifaa bado begani, na mimi nikadhani kuna mtu amekufa.

"Kalihamisha komeo," akasema.

"Kalihamishia wapi?"

"Nje."

Sikuelewa mara moja. Komeo la nje ni la banda la kuku. Akanieleza kwamba skrubu zimekazwa na mtu asiyejua kazi, moja imepinda kichwa, lakini zimeshika. Alimuuliza Mwalimu hii ni nini, na Mwalimu akamjibu kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Huwa ananifungia kidogo, akikasirika." Ule mlango wa zamani angeusukuma kwa bega ungemwachia. Huu wetu tembo asingeuweza.

"Nikamuuliza, na wewe unakaa tu? Mbona huondoki? Akanifungia mdomo pale pale. Akasema, karibu siku nyingine, dada."

Mke wangu akalia. Alilia kwa sauti na kwa kamasi, akisema amemjengea mwenzake jela kwa mikono yake, tena kwa mbao za kitanda chake. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tuoane. Nilimchukia yule mtu mpaka meno yakaniuma.

Nikatoa ushauri wangu wa kiume. Nikusanye wenzangu, tumsubiri pale kwenye kona, tumpe pole ya mbao. Msumari alilipenda wazo, naomba lisisahaulike hilo, lakini akasema kwanza twende kwenye kituo cha afya, kwa nesi mmoja mwenye chumba chake cha kusikiliza mambo ya namna hiyo. Nesi alikuwa mfupi, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuvutiwa na mpango wangu.

"Mkishampiga," akaniuliza, "jioni atarudi kwa nani?"

Nikaukunja mpango wangu nikautia mfukoni.

Akamgeukia mke wangu. "Na wewe, mama, ulipomuuliza mbona haondoki, alisikia kwamba kosa ni lake. Hilo anaambiwa kila siku nyumbani. Ukimwona tena mwambie unamwamini. Mwambie si kosa lake. Muulize anataka nini. Halafu unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Unyamaze."

Nilicheka. Wote wawili wakanitazama, nikaacha.

Nesi akatuambia kwamba siku mtu wa namna hiyo anapoondoka ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa hiyo asisukumwe, siku aichague mwenyewe, na mume asinuse kitu. Akiwa tayari aje hapo kituoni. Atapokelewa, na akitaka kwenda polisi atasindikizwa. Msumari akauliza itakuwaje kama kweli hapigwi, anafungiwa tu. Nesi akavua miwani. "Kumfungia mtu, kumnyang'anya simu, kumtenga na ndugu zake, mama, usiseme 'tu'. Ni ukatili ule ule, ila huo hauvimbi."

Tukarudi kukaza bawaba. Sidhani kama duniani kuna bawaba iliyowahi kukazwa kama ile. Mimi nilisimama mlangoni na kikopo cha mafuta, nikiangalia barabara. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo za mtoto.

"Mdogo wangu," Msumari akasema, "siku ile nilikuuliza vibaya. Nakuamini. Na si kosa lako. Unataka nini?"

Kisha akanyamaza. Niliona taya zikimcheza. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni mwake kama misumari anayoibana kwa midomo akiwa kazini, na hakutema hata moja. Mwalimu alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja upya.

"Hanipigi sana, dada," akaanza. "Ndiyo maana nilikuwa najiambia si kitu. Wapo wanaopigwa kila siku. Simu yangu anakaa nayo yeye. Ndugu zangu wakipiga anawaambia nimelala. Nilale saa zote hizo, mimi mtoto mchanga?" Sauti yake ikapanda kidogo, ile ya zamani, ya samaki. "Nataka kwenda kwa dada yangu. Lakini nataka vyeti vyangu vya ualimu, na kadi ya kliniki ya mtoto, na nguo zetu. Nikienda mikono mitupu nitarudi mwezi haujaisha, na yeye anajua. Nikitoka anapekua kikapu. Nikirudi anapekua tena. Siwezi kutoka hapa hata na mfuko wa plastiki."

Msumari akainua macho. Kwenye kona lilisimama kabati la nguo, kubwa, la zamani, ambalo Mwalimu aliachiwa na marehemu mama yake, na ndicho kitu pekee cha kwake mle ndani.

"Kabati hili lina mchwa," akasema.

Mwalimu akashtuka. "Halina, dada! Nalipangusa kila siku."

"Litakuwa nao. Ukitaka. Usipotaka halina."

Mwalimu alilitazama kabati, akamtazama Msumari, akanitazama mimi na kikopo changu. Mdomo wake ukacheza upande mmoja. "Alhamisi," akasema. "Alhamisi ana kikao kikubwa, asubuhi huwa hajui hata jina lake."

Tukamwelekeza kwa nesi, tukamwachia karatasi iliyosokotwa, ndani yake unga wa mbao laini kabisa, kazi ya msasa wangu. Ujumbe ukafika kwa nesi, na kwa simu ya nesi ukafika kwa dada yake Mwalimu.

Alhamisi asubuhi hatukwenda kwa Bwana Pole. Bwana Pole alikuja kwetu, mbio, tai shingoni haijafungwa. Aliponiona alisahau hata kunipa pole. "Mchwa!" akasema. "Kwenye suti zangu!"

Tulipofika nilimvulia kofia Mwalimu kimoyomoyo. Aliupanga ule unga katika vichuguu vidogo vidogo nadhifu, chini ya kabati, pembeni ya droo, na kimoja juu ya bega la suti ya kikao. Msumari akapiga goti, akachukua unga kidogo, akaufikicha mbele ya mwanga, akatikisa kichwa kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Bwana, suti zako zitoe, zianikwe juani sasa hivi. Kabati tunaondoka nalo kama lilivyo. Hizi nguo za mama na mtoto ziache humo humo, nazo zipigwe dawa, maana wanataga kwenye vitambaa."

Akaridhia. Nguo za mkewe hazikumshughulisha, alikuwa akizihesabu suti zake kama watoto walionusurika moto. Tukalikamata kabati, mimi mbele, Msumari nyuma. Halikuinuka vizuri, na Bwana Pole, Mungu ampe haki yake, akakunja mikono ya shati akashika kona.

"Mbona zito hivi?"

"Mbao za zamani," nikasema.

"Na mchwa wameshiba," akasema Msumari.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni, jasho linanitiririka machoni, ndipo yule mtoto akatoa kidole mdomoni. "Mama, mbona mdoli wangu umemlaza kabatini?"

Bwana Pole akasimama. Kabati likasimama. Nilihisi moyo wangu ukigonga ubao, na namwapia yeyote kwamba ulisikika.

"Naye kapata mchwa, mwanangu," Mwalimu akasema, kwa sauti pana, tulivu, ya kuimbisha herufi. "Anakwenda hospitali na wenzake. Unamwambia nini?"

"Ugua pole," mtoto akaliambia kabati.

Bwana Pole akacheka, maana neno lilikuwa la kwake. Tukalipandisha kabati kwenye mkokoteni.

Akarudi ndani kuchukua koti. Kupitia dirisha nilimwona akimwelekeza Mwalimu chumbani kwa kidole, kama mtu anayeingiza mbuzi, na mkono mwingine ukishika komeo. Mchwa walikuwa wamemtia hasira, na akikasirika hufungia, hilo hatukulifikiria. Kabati lilikuwa nje na mwenyewe alikuwa anafungiwa ndani.

Msumari aliniachia mkokoteni akaingia bila hodi. Mdomo uliofundishwa kunyamaza sasa ulifunguliwa. "Bwana! Bwana! Usifunge hicho chumba! Sakafuni wamo, nakuja kupiga dawa baadaye, na dawa hii ikikuta chumba kilichofungwa inageuka harufu. Utaingia na suti hizo kwenye vikao ukinuka mafuta ya taa mpaka ustaafu. Wakubwa wako watakuuliza umeacha ofisi umekuwa jiko? Chumba kinatakiwa upepo, bwana, mlango wazi, dirisha wazi, na mtu wa kuangalia. Mama, wewe utaangalia? Haya. Na mkono huo ondoa hapo, huoni unga?"

Hapakuwa na unga. Aliondoa mkono. Akaupangusa kwenye leso, akatazama saa, akatupa pole na kazi, akaenda zake.

Mwalimu alitoka baadaye kidogo na kikapu chake na binti yake, kama anayekwenda dukani. Kikapuni hamkuwa na kitu. Alipita mbele ya karakana bila kutugeukia, akakata kulia badala ya kushoto, akaingia kituo cha afya. Nesi alikaa naye, akampeleka polisi akatoa maelezo yake. Adhuhuri dada yake alifika na gari la mizigo, tukalipakia kabati na kila kilichokuwa ndani, vyeti chini ya droo, mdoli juu. Msumari akapiga ubavu wa kabati makofi mawili kama anavyofanya kazi ikiisha.

Jioni Bwana Pole akaja. Alianza kwa pole. Kisha akauliza mke wake yuko wapi, kisha akauliza kwa sauti nyingine, ambayo mtaa haukuwahi kuisikia. Muuza mkaa aliacha kupima. Fundi viatu akasimama.

"Mimi fundi wa kabati," Msumari akasema. "Mwenye kabati alilichukua."

"Kabati ni langu! Mke ni wangu!"

"Kabati ni la marehemu mama yake. La pili ukaliulize polisi, wanakusubiri."

Aliinua mkono. Nilikuwa nimeshashika brashi ya vanishi, sijui nilitegemea kumpaka nini, lakini nilisimama mbele ya mke wangu. Haikufika huko. Aliona watu. Nilimwona akiwaona, mmoja mmoja, na uso wake ukajipanga upya kama kitanda kinachotandikwa haraka wageni wakiwa mlangoni. Mkono ukashuka kuweka tai sawa.

"Haya," akasema. "Poleni na kazi."

Tangu ahamie mtaani kwetu, hakuna aliyewahi kuiacha salamu yake bila jibu. Siku hiyo hakuna aliyemwambia amepoa. Alisubiri kidogo, kisha akaondoka.

Kesi yake ina mwendo wake, na mimi si hakimu. Mama yangu hamtaji tena. Tulio wengi mtaani tuliingia katika ile methali kwa miguu yetu: nyumba njema si mlango. Sisi tulikuwa tumeutengeneza mlango wenyewe, na bado hatukufungua tuone ndani.

Hivi karibuni Mwalimu alitupigia, kwa simu yake mwenyewe. Ameajiriwa tena chekechea, amepanga chumba si mbali na dada yake, na mlango hauna komeo. Msumari alibeba mfuko wa vifaa bila hata kujadili. Tukaenda. Kabati lilikuwa pale, limejaa nusu ya chumba, mdoli amekaa juu akitutazama kwa dharau ya mgonjwa aliyepona.

"Komeo unalitaka upande gani?" Msumari akauliza, skrubu mdomoni.

"Ndani," Mwalimu akasema. "Na chini kidogo, mtoto alifikie."

Likawekwa ndani, chini. Msumari alitoka nje nami ili tulijaribu. Mtoto akatufungia. Tukasikia komeo likivutwa, taratibu, mpaka mwisho.

Msumari akagonga.

"Nani?"

"Mimi, Msumari."

Tukasikia kicheko ndani. "Subiri."

Jua lilikuwa kali. Mwalimu, mle ndani, hakumharakisha. Mke wangu alitua mfuko wa vifaa chini, akaegemea ukuta, na kwa mara ya pili katika maisha yake akanyamaza. Tukasubiri hapo nje mpaka mtoto alipotaka kufungua.